Fomu ya Mkopo Niliyoifua Mpaka Muhuri Ukatoka

Ijumaa iliyopita nilifunga kazi. Nimemkabidhi Mama Sifa, mwenye duka, funguo za steshenari, nimefuta kioo cha skana mara ya mwisho (nisiwadanganye, nilikifuta mara tatu), na nimestaafu rasmi nikiwa na miaka ishirini na saba. Najua mnacheka. Shangazi yangu naye alicheka, akaniuliza kama nitalipwa kiinua mgongo. Lakini nimekaa miaka saba kwenye meza moja hapa Area D, Dodoma, nikiwajazia watu maombi ya mkopo wa chuo, na kazi hiyo inazeesha. Nina mvi mbili, na zote zilitoka msimu wa maombi.

Nawaandikia ninyi mlioko kidato cha sita sasa, na wadogo zenu watakaofuata. Naandika haraka kwa sababu nina furaha ambayo haitulii mwilini, na kwa sababu nikiandika polepole nitaanza kurekebisha. Mimi ni mtu wa kurekebisha. Sentensi moja naweza kuiandika upya mpaka isahau ilitaka kusema nini. Leo nimejiapiza kutorudi nyuma, kwa hiyo mkikutana na makosa, yasameheni. Nimeyaacha kwa makusudi na yananiwasha.

Nianze na aibu yangu, maana ndiyo iliyonipa kazi.

Nilipomaliza kidato cha sita nilifaulu vizuri na nikachaguliwa chuo. Nikachapisha fomu ya mkopo. Baba, ambaye ni fundi uashi, akasaini, na mkia wa saini yake ukavuka mstari. Nikachapisha fomu nyingine. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri ukakaa upande. Nikachapisha nyingine. Picha ya mdhamini ikaonekana kama ya mtu aliyeamshwa. Nikamrudisha kwa mpiga picha, naye akaenda akinung'unika. Fomu ya sita ilikuwa nzuri kabisa, hakuna doa wala mkunjo. Nikaibeba katikati ya madaftari mawili mpaka steshenari ili itumwe, nikaambiwa dirisha la maombi lilikuwa limefungwa jana yake.

Mama Sifa hakucheka. Alinivutia kiti, akanisogezea kikombe cha chai, na baada ya muda akaniuliza kama najua kuchapa. Nikamwambia najua kidogo. Nilikuwa sijui. Nilijifunza mwenyewe pale pale, kwa vidole viwili, nikiangalia alivyofanya yeye na kusoma maelekezo ambayo wengine huyaruka. Mpaka leo sijasomea kompyuta mahali popote.

Mama Sifa alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali miaka mingi kabla ya kustaafu na kufungua duka. Alivaa miwani yenye kamba, na wateja walimwogopa kidogo, jambo alilolifurahia. Somo lake la kwanza lilinishangaza. Mteja akikaa, alisema, usiguse kompyuta. Geuza kiti, mtazame, muulize ni nani anayewalisha kwao, ni nani aliyekuwa anamlipia sekondari, na kama kuna mgonjwa au mlemavu nyumbani. Fomu inauliza mambo hayo hayo, ila inauliza kiofisi, na mtoto akiulizwa kiofisi anajibu kiofisi. Baba yake anauza viatu vya mtumba mnadani, yeye anaandika kwamba baba ni mfanyabiashara. Akikosa mkopo analia kwamba ameonewa, na kumbe karatasi yake ndiyo iliyosema kwao kuna uwezo.

Niliyaona kwa macho mwaka wangu wa kwanza. Alikuja mzee kutoka Mlali na binti yake, amevaa koti zito na jua lote lile. Nilipofika kwenye kazi ya mzazi, mzee akaniambia niandike mfugaji mkubwa. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akatazama ukuta, akasema wanatosha. Mama Sifa akamtuma binti akanunue soda duka la mwisho kabisa, kisha akamwamkia mzee upya, shikamoo baba, na kumuuliza kwa sauti ya chini. Alikuwa na mbuzi wanne, na mmoja wao alikuwa wa jirani. Alikuwa hataki tu kuandikwa maskini mbele ya mwanawe. Tukaandika mbuzi watatu, binti akarudi na soda, hakuambiwa kitu. Alipata mkopo. Tangu hapo, kwenye sehemu ya kipato, huwa namtuma mtoto soda. Na wewe unayejaza peke yako kwenye simu, kaa na mzazi wako kwa heshima kabla hujaandika. Usimkisie.

Nilipoanza, fomu zilikuwa bado zinasafiri kwa bahasha. Mama Sifa aliipima bahasha kwa kiganja na kusema, hii imepungukiwa karatasi moja, na kweli tukifungua tunakuta cheti cha kuzaliwa kimebaki kwenye mashine. Siku hizi unapiga picha, unapakia, unabonyeza. Imekuwa rahisi, na makosa nayo yamekuwa rahisi. Tumia namba yako ya simu, si ya rafiki, na usiitupe laini ile mpaka umalize chuo. Nywila iandike kwenye daftari. Mdhamini wako ajue amedhamini nini, asije akashtuka siku akipigiwa. Akija mtu kukwambia anamfahamu mkubwa fulani atakayesukuma jina lako, huyo ni kishoka, mwache aende.

Na msidhani mkopo wa serikali ndio mlango pekee. Kuna ufadhili wa waliofaulu sana masomo ya sayansi, ambao watoto wengi wa vijijini hawauombi kwa kuamini ni wa watu wengine. Kuna halmashauri zinazowasaidia wanafunzi wao, ila hazibandiki tangazo, lazima uende ukaulize. Kuna parokia na kamati za misikiti. Nimemwandikia kijana mmoja barua ya kuomba alipe ada kidogo kidogo, chuo kikakubali ndani ya wiki, na yeye alikuwa ameshaanza kuuza godoro. Omba kote. Haya mambo nikiyaongelea huwa nasimama bila kujua, hata sasa nimesimama.

Sasa nije kwa Mwanaidi, ndiye aliyenifanya niandike.

Alikuja miaka mitatu iliyopita kutoka kijiji kimoja cha milimani huko Kondoa, amefaulu kwa alama ambazo niliziangalia mara mbili. Alitaka ualimu wa hesabu. Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa kidato cha pili, na mama yake alikuwa analima alizeti. Mtoto wa namna hiyo anastahili mkopo karibu wote, na bila mkopo hana chuo. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwa utulivu, kama anayenieleza ratiba ya basi: "Dada, nikikosa, mama ameshanitafutia kibarua cha kuuza duka la vitenge. Nimempa neno langu sitalia."

Kwa karatasi, baba yake alikuwa hai. Kwao mtu akifariki asubuhi, kabla ya alasiri ameshazikwa, na kijiji kizima kimeshika jembe. Hakuna aliyekumbuka kibali cha mazishi wala cheti cha kifo. Ilibidi tuanzie mwanzo: barua ya mtendaji wa kijiji, kiapo, mashahidi, ofisi ya wilaya. Nilimwongoza kwa simu hatua kwa hatua, na cheti cha kifo kilipotoka nilipiga kelele dukani mpaka mteja akamwaga soda. Kisha Mwanaidi akaleta fomu iliyosainiwa na kugongwa kijijini, nikaipakia, akarudi nayo kwao.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Fomu ile ilikuwa imesafiri. Ilikuwa na mikunjo minne na vumbi jekundu la Kondoa, lile linaloingia hata kwenye soksi ulizovaa ndani ya viatu. Nilipoiskani ikaonekana kama iliyozikwa na kufukuliwa. Sikuvumilia. Nikaigeuza iwe nyeupe na nyeusi, nikapandisha mwanga, nikafuta vumbi, nikapandisha tena mwanga. Ikatoka nyeupe kama shuka la hospitali. Nilimwita Mama Sifa aje aione. Nikaituma, na ile picha ya kwanza yenye vumbi nikaifuta kabisa, kwa sababu sipendi mafaili machafu kwenye kompyuta yangu.

Baada ya wiki kadhaa, Jumatatu asubuhi, nikafungua akaunti yake na kukuta fomu imerudishwa. Haina muhuri wa serikali ya kijiji. Marekebisho yalikuwa yanafungwa Alhamisi.

Nikampigia Mwanaidi nikamsomea maneno yale yale. Haina muhuri. Nilipokata simu nikafungua faili, nikakuza pale muhuri unapokaa, na nikaona weupe mtupu, na ndani ya weupe ule kijistari kimoja cha duara kama ukucha. Nikaelewa. Mtendaji alikuwa amegonga, ila pedi yake ya wino ilikuwa imekauka, pengine aliitia maji, na muhuri ukatoka hafifu. Ulikuwapo. Niliufuta mimi.

Nilinyamaza. Ninaandika hili nikiwa nimeshika shavu. Nilinyamaza tangu Jumatatu asubuhi mpaka Jumanne adhuhuri, nikijiambia kwamba akigongewa upya mambo yatakwisha na hakuna haja ya mtu kujua. Miaka yote nilikuwa yule dada asiyekosea, watu walitoka Chang'ombe na Nkuhungu kunitafuta mimi. Sikutaka kuwa mwingine.

Wakati nimenyamaza, mama yake Mwanaidi alifunga kanga kiunoni akamfuata mtendaji. Alimkuta kwenye mashine ya kusaga, mbele ya foleni ya wanawake wenye ndoo za mahindi, akamwambia anawagongea yatima maji badala ya wino. Wanawake wakacheka. Mtendaji akasema aligonga, mama akamtupia fomu, mtendaji akaiokota, akaenda kuifungia kwenye droo ya ofisi. Akasema hatagonga nyingine. Haya yote Mwanaidi alinisimulia Jumanne, na mwisho akasema jambo lililonimaliza: "Usijali, dada. Wewe ulifanya kazi yako vizuri."

Nikamweleza Mama Sifa. Alivua miwani, akaniuliza basi la mwisho la Kondoa linaondoka saa ngapi. Nikasema sijui nitasema nini nikifika. Akasema, "Utasema ulichoniambia mimi. Na njiani usikipange upya."

Nililala Kondoa mjini kwa mtu wa kanisa letu, na Jumatano asubuhi nikapanda bodaboda mpaka kijijini. Mwanaidi alinisubiri barabarani na mama yake. Niliwaomba twende kwanza kwa mtendaji, nina neno. Ofisini nikamkuta mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri kuliko langu.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Dodoma?"

Nikasema ndiye mimi, na muhuri alikuwa ameugonga, na mimi ndiye niliyeufuta wakati naisafisha fomu ipendeze, na nilijua hivyo tangu juzi nikanyamaza. Niliyasema yote kwa pumzi moja. Mama yake Mwanaidi ndiye aliyeanza.

"Kumbe karatasi umeifua."

"Ndiyo, mama."

"Mpaka muhuri ukatoka."

"Mpaka muhuri ukatoka, mama."

Akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama mabati. "Na mimi," mama akasema, "nimemvunjia heshima mtu mzima mashineni kwa ajili ya dobi."

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia tu, na afadhali angenitukana.

Nilitoa pedi mpya ya wino niliyomletea mtendaji. Akaipokea, akaibonyeza kwa kidole, ikamridhisha. Lakini droo hakuifungua. "Watoto wa kijiji hiki wananiita Bwana Maji," akasema. "Hawakuanza hapa ofisini. Walianza mashineni. Sasa hayo uliyoyasema hapa, twende ukayasemee kule."

Mimi ni mtu ninayejiandalia hata salamu. Nilisimama mbele ya mashine ya kusaga, mwenye mashine akaizima, na wanawake kama ishirini wakaweka ndoo chini kunitazama. Nikasema mimi naitwa Penina, natoka Dodoma, mtendaji wenu aligonga muhuri wa wino, mimi niliufuta kwa kompyuta. Mama yake Mwanaidi akasimama pembeni yangu naye akamwomba radhi mtendaji kwa jina lake kamili. Bibi mmoja akauliza jambo kwa Kirangi, watu wote wakaangua kicheko, hata mtendaji. Nikauliza anasemaje. Mwanaidi, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu ofisini, akasema, "Anauliza kama unaweza kumfulia na kanga yake, imemshinda."

Ndipo droo ikafunguliwa. Nikamwomba mtendaji agonge tena juu yake kwa pedi mpya. Akakataa. "Muhuri upo. Nikigonga wa pili nitaonekana nilikosea wa kwanza." Na alikuwa na haki. Tukaipeleka fomu dirishani: muhuri ule pale, hafifu, wa zambarau, unasomeka kila herufi, umezungukwa na vumbi. Sikuipangusa hata kwa kiganja. Nikaipiga picha kwa simu, kwa rangi zake zote, mikunjo minne na udongo mwekundu, tukapanda kilimani kutafuta mtandao, Mwanaidi mbele, mimi nyuma nikihema. Kule juu ikapakia polepole sana. Ilipomaliza, Mwanaidi ndiye aliyebonyeza tuma. Ilikuwa bado siku moja dirisha lifungwe.

Wakati wa kuteremka akaniambia, bila kugeuka, kwamba lililomuumiza halikuwa kosa, ni zile siku mbili nilizonyamaza.

Majina ya waliopata mkopo yalipotoka alinipigia kabla sijafungua duka. Hakusalimia. Alisema, "Dada, nimepangiwa," kisha akavunja neno lake kwa mama yake, akalia, na mimi nikalia, na Mama Sifa aliyekuwa amesimama nyuma yangu na funguo akasema kama tumemaliza basi mtu afungue mlango, wateja wako nje. Bumu lake la kwanza, yaani zile hela za kujikimu, Mwanaidi alimnunulia mama yake ndoo mpya ya mashineni.

Tangu siku ile nilibadilisha kazi yangu. Kila fomu naiskani kwa rangi. Picha ya kwanza siifuti. Na mteja akirudishiwa maombi, namwonyesha skrini yangu kabla hajamlaumu mtu wa kwao. Lakini kulikuwa na jambo moja nililokuwa bado nalikwepa, na Mwanaidi, ambaye anasoma hapa hapa Dodoma na siku za foleni hupita kunisaidia, ndiye aliyelishika. Aliniuliza fomu yangu iko wapi.

Ilibidi nimweleze zile fomu sita. Akasikiliza, akaenda kwenye rafu anakowekea vitu vyake, akarudi na vitabu vya kidato cha sita alivyokuja navyo kutoka kwao, akaviweka juu ya kaunta yangu. Nikavisoma pale, katikati ya wateja, mwaka mzima na zaidi, na nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, maana matokeo yangu ya zamani yalikuwa yameshapitwa na muda wa kuombea mkopo. Nikafaulu. Nikachaguliwa.

Msimu huu wa maombi, basi, nilikaa upande wa mteja kwa mara ya kwanza. Mwanaidi alikaa kwangu. Aligeuza kiti, akanitazama, akaniuliza ni nani anayetulisha kwetu. Wa kutumwa soda hakuwapo, mtoto nilikuwa mimi mwenyewe, kwa hiyo baba, niliyekuja naye, alijibu akiniangalia: fundi uashi, mgongo mbovu, kazi mara moja moja. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiyasema hayo.

Fomu ilipokuwa tayari, imesainiwa, imegongwa, nikaiweka mezani, na Mama Sifa akapita akaweka juu yake kikombe cha chai. Hakika sijui kama alifanya makusudi. Kilipoinuliwa kilikuwa kimeacha duara la kahawia, kubwa, chini kidogo ya saini ya baba, ambayo mkia wake, kama kawaida, ulikuwa umevuka mstari.

Mkono wangu ukaenda kwenye printa wenyewe.

"Dada," Mwanaidi akasema. "Muhuri unaonekana?"

"Unaonekana."

"Saini?"

"Inaonekana."

"Basi usiifue."

Akaiskani kwa rangi, akabonyeza tuma, na akanigeuzia skrini nione. Nimepangiwa mkopo, wanangu na wadogo zangu, na Jumatatu naripoti chuoni. Duara la chai bado lipo kwenye akaunti yangu. Nimelifungua leo mara nne kuliangalia.